Kibatari Ndani ya Piano ya Daktari

Wanangu mnaoanza kazi hii, mkiingia nyumba ya mtu msikimbilie kufungua piano. Simameni kwanza mlangoni, muulize upepo wa nyumba hiyo unatoka wapi. Najua mtacheka. Piano zenu zinakaa ndani ya hoteli na skuli zenye baridi ya mashine mwaka mzima, na mnaweka simu juu ya kifuniko ikawaambia uzi gani umelegea. Heri yenu. Mimi nimeifanya kazi hii kwa sikio na kijiuma cha chuma cha kugonga gotini, na makosa niliyoyafanya hakuna simu inayoweza kuwaonya nayo. Hili la leo sijapata kumwambia hata bibi yenu, na yeye nimemwambia mengi ambayo ningenyamaza ningekuwa salama.

Kazi nilifundishwa Unguja na Mgoa mmoja aliyeitwa Kaitano, mtu mfupi, mwenye mikono ya mwanamke na ulimi wa kuli. Wiki ya kwanza alinigongea noti moja tu, asubuhi hadi adhuhuri, kisha akaniuliza: "Inalia au inaimba?" Nikajibu inalia. Akanifukuza nikanunue mkate. Wiki ya pili nikajibu inaimba. Akanifukuza nikanunue mkate tena. Mpaka leo sijui jibu lake lilikuwa lipi, lakini waokaji mikate wote wa mtaa ule walinijua kwa jina.

Kaitano alikuwa na adui mmoja, naye ni unyevu. Unguja mbao hunywa maji ya hewani mpaka zikavimba, funguo zikashikana, nyuzi zikapata kutu. Dawa yake ilikuwa kuweka kibatari kidogo kilichowashwa ndani ya tumbo la piano, kwenye ile nafasi ya chini miguuni mwa mpigaji, na mfuko wa makaa makavu kando yake. Taa ile haikuzimwa mvua wala jua. Nyumba ngapi za wakubwa niliingia kila jioni kutia mafuta tu na kutoka! Nikaamini kwamba hiyo ndiyo kanuni ya piano dunia nzima.

Mwaka 1964 nikaondoka Unguja. Sababu mnazijua, na asiyezijua amuulize mzazi wake. Zuwena, bibi yenu, alibaki kwao na mtoto wetu wa miezi mitano, kwa sababu ruhusa ya kuingia huku Omani ilikuwa ngumu hata kwa mtu mmoja mwenye ami yake Matrah, bandari ya jirani na Maskati. Mimi ami nilikuwa naye. Alikuwa na duka dogo ndani ya souq, yaani soko la hapa, akanipa pembe moja ya duka na godoro.

Matrah ya wakati ule haikumhitaji mrekebisha piano. Hapakuwa na piano, na muziki wenyewe haukuwa jambo la kuonyeshana hadharani. Nikatengeneza vyerehani. Kwa miaka miwili mikono iliyofundishwa kusikiliza nyuzi ilikuwa ikipaka mafuta magurudumu ya cherehani, na fidla yangu niliyokuja nayo imefungwa ndani ya kanga ya Zuwena juu ya rafu. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nikimwambia muuza samaki neno, analirudia kwa mwenzake, wote wawili wanacheka mpaka samaki wanasahauliwa. Kule Unguja waliniita Mwarabu, huku wakaniita Mzanzibari. Barua za Zuwena zilikuja mbili kwa mwaka, na zote zilikuwa zimeshafunguliwa na mtu mwingine kabla yangu.

Ami yangu akafariki mwaka 1966. Baada ya matanga nikabaki na duka, na hapo ndipo nilipojua upweke. Nilikuwa napitisha siku nne, tano, bila kusema neno moja la Kiswahili, na siku moja nikajikamata nakizungumzisha cherehani. Nilikiuliza kimeamkaje. Nilicheka, halafu nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Basi asubuhi moja, mwisho wa mwaka ule, sindano ya cherehani ikanichoma kidoleni, nikatukana tusi la Kiunguja ambalo sitaliandika hapa. Sauti ikatoka mlangoni.

"Ala! Tusi hilo sijalisikia tangu Darajani."

Nikageuka. Mzungu mrefu, mzee, kofia ya majani kichwani, amesimama na kuniangalia kwa furaha. Alikuwa daktari, mtu wa Austria, aliyekuja hapa kwa mkataba wa kazi. Yeye na mkewe Anna walikuwa wameishi Tanga na Unguja miaka mingi kabla ya kurudi kwao, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kila kitu kwake kilikuwa mtu. Mlango alikuwa mtu, chai alikuwa mtu. Aliketi juu ya gunia la mchele akaniuliza khabari zangu zote, na mimi nikazitoa zote, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilipomwambia kazi yangu ya asili akasema, "Fundi Mbarak, nina piano. Amekuja kwa meli wiki jana, na anaumwa."

Nyumba yake ilikuwa hapo hapo Matrah, chumba cha juu kinachoitazama bandari. Piano ilikuwa ya kusimama, ya mbao nyeusi, na pembeni yake kulikuwa na sanduku la makaratasi. Anna alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa mwanamke wa elimu, na kwa miaka kumi na mbili alikuwa anafanya utafiti wa jambo moja tu: muziki wa Ulaya ulioandikwa katika mwaka 1767. Hakushughulika na mwaka wa kabla wala wa baada yake.

"Kwa nini huo?" nikamuuliza Daktari.

"Nilimuuliza mimi pia. Alisema kila mtu anasoma habari za wafalme na vita vya miaka mikubwa. Yeye alitaka mwaka mmoja wa kawaida, aujue wote, kama unavyojua mtaa wako."

Kitabu hakukimaliza. Aliacha orodha ndefu aliyoipanga mwezi kwa mwezi, Januari mpaka Disemba, na mbele ya kila kipande aliacha nafasi ya kuandika. Sasa mwaka 1967 ulikuwa unaingia, miaka mia mbili kamili, na Daktari alikuwa ameazimia kukipiga kila kipande ndani ya mwezi wake, na kile kinachojulikana siku yake, kipigwe siku hiyo hiyo. Akimaliza, ataandika tarehe kwenye ile nafasi, na orodha ataipeleka kwenye maktaba ya mji wa kwao ambako Anna alikuwa akifanya kazi. Hilo ndilo kaburi aliloweza kumjengea. Hakuwa mpigaji mkubwa, vidole vyake vilikuwa vizito, lakini mwaka ule aliutaka mzima, usipungue hata karatasi moja.

Kazi yangu ikawa kuiweka piano iwe na uzima mwaka wote. Nilikwenda kila Alkhamisi baada ya alasiri. Nikimaliza nyuzi, mpishi analeta kahawa, Daktari anaketi kupiga, mimi naketi juu ya mkeka mgongo ukutani. Muziki ule mwanzo haukuniingia. Ulikuwa unakwenda na kurudi kwa adabu nyingi, kama watu wanaopishana mlangoni, tafadhali wewe, hapana tafadhali wewe. Lakini Daktari alikuwa ananisimulia, na masimulizi yakanifungulia. Kulikuwa na mzee mmoja wa Hamburg ambaye mwaka ule ndio alikufa, na miaka themanini na sita yake, bado anaandika. Kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na moja ambaye tayari alikuwa anaandikia makanisa na mabwana wakubwa, na mwaka ule ule akapata ndui, macho yakafumbika, wazazi wakadhani hatapona.

"Akapona?" nikauliza, nimeweka kikombe chini.

"Akapona, alama zikabaki usoni. Siku hizi tungemchanja," akasema Daktari, na akakasirika kweli kweli, miaka mia mbili baadaye, kwamba mtoto yule hakuchanjwa.

Nilikuwa naishi kwa ajili ya Alkhamisi. Lazima mlielewe hili, la sivyo hamtaelewa kosa langu. Siku sita nilikuwa mtu bubu anayetengeneza vyerehani, na ya saba napanda ngazi zile nikawa fundi, nikawa Mbarak, nikawa mtu wa Unguja mwenye mwenzake.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikatia kibatari ndani ya piano, na mfuko wa makaa. Januari, Februari, Machi, hewa ya bahari ilikuwa nzito na dawa ikafanya kazi vizuri. Daktari alinisifu mbele ya wageni. Kichwa kikanivimba.

Jirani yangu wa duka alikuwa seremala, Mbaluchi mmoja aitwaye Dilmurad, mzee mwenye ndevu za hina. Mwezi wa Mei alinikuta nanunua mafuta ya taa akaniuliza ya nini. Nikamwelezea kwa Kiarabu changu kibovu na kwa mikono. Akaniangalia kwa huruma, akanivuta dukani kwake. Juu ya mbao zake zote alikuwa ametandika magunia yaliyoroweshwa, na chini ya meza mabeseni ya maji.

"Mai! Mai!" alisema, yaani maji, na akanionyesha upande wa milimani. Gharbi inakuja, akasema, upepo wa jangwani. Ukifika, mbao zinakuwa na kiu ya kufa. Toa taa, weka maji.

Nikamshukuru, na moyoni nikacheka. Seremala wa vitanda anifundishe mimi piano! Mimi mwanafunzi wa Kaitano! Wala si kwamba nilisahau aliyoniambia. Nilikumbuka, nikapuuza.

Gharbi ilifika mwisho wa Juni. Hewa iliyotoka milimani ilikuwa ya tanuri, usiku na mchana, midomo ya watu ikapasuka. Na ndani ya piano ya Daktari, kibatari changu kilikuwa kinawaka. Siku ya tarehe nne Julai Daktari alinitumia mpishi. Nilipofika alipiga sauti nzito za kushoto na piano ikajibu kwa mvumo mbaya, kama nzi ndani ya bati. Akatoka kwenda kumwona mgonjwa, nami nikaifungua kwa nyuma. Ule ubao mkubwa mwembamba unaobeba sauti yote ya piano ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi karibu na chini. Kidole changu kiliweza kusikia ukingo wake. Nilizima kibatari, nikakaa sakafuni.

Sikilizeni sasa kama mafundi. Ufa huo una dawa. Unalegeza nyuzi, unaweka mabeseni mawili ya maji chini ya piano, ubao unywe taratibu kwa wiki nzima mpaka midomo ya ufa isogeleane. Halafu unachonga kijiti chembamba cha mbao laini iliyokauka vizuri, unakipachika kwa gundi ya ngozi, unakiacha kishike wiki nyingine, ndipo unakaza nyuzi kidogo kidogo kwa siku tatu nne. Jumla siku kumi na nane, na kazi ikienda vizuri. Nilikuwa naijua hesabu hiyo pale pale sakafuni.

Daktari aliporudi aliuliza, "Je, fundi, ana nini?"

Na mimi nikasema, "Joto tu, Daktari. Mwachie apumzike, usimguse mpaka upepo utulie."

"Atapona?"

"Atapona mwenyewe."

Niliogopa. Niliona atasema, huyu ndiye niliyemwamini, na Alkhamisi zangu zitakuwa zimekwisha. Nikajiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikaenda, nikagusa gusa nyuzi kwa kujifanya, tukanywa kahawa. Muziki haukuwepo, lakini mazungumzo yalikuwepo, na mimi nikayanywa kwa hofu. Alkhamisi iliyofuata vile vile. Ufa nao ulikuwa unaongezeka. Yeye aliniamini kabisa, kama wagonjwa wake walivyomwamini yeye. Hata kifuniko hakukifungua.

Tarehe ishirini na tatu aliniita, nikamkuta amefurahi, ananisubiri kwenye ngazi. Mpishi alikuwa anapiga pasi shati jeupe. Daktari akanishika mkono akanipeleka kwenye sanduku, akatoa bahasha ambayo sijapata kuiona. Ndani kulikuwa na karatasi sita, noti zimeandikwa kwa mkono, kwa wino.

"Huu ni mwandiko wa Anna," akasema. "Hiki ndicho alichokipata yeye mwenyewe, katika kabati la kanisa la kijiji, mlimani. Mpiga kinanda wa pale aliandika, jina lake halijulikani. Hakijapata kuchapishwa. Anna hakuwahi kukisikia, Fundi, alikinakili tu, halafu akaugua. Kiliandikwa kwa sikukuu ya Anna mtakatifu, tarehe ishirini na sita Julai. Kwetu mtu husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake. Kwa hiyo ni siku yake. Vingine vya Julai nilivimaliza siku za kwanza za mwezi; kimebaki hiki tu, na bado siku tatu." Akaiangalia piano. "Amepumzika vya kutosha sasa, siyo?"

Nikaiangalia na mimi.

"Daktari," nikasema, "piano imepasuka."

"Imepasuka nini?"

"Ubao wa sauti. Nlitia kibatari na gharbi ikaja. Nliambiwa nitoe taa, niweke maji. Sikusikia. Halafu nikaona ufa, nikakudanganya."

Akaketi juu ya kiti chake cha kupigia. "Tangu lini?"

"Tarehe nne."

Alihesabu kwa vidole, kwa lugha yake. "Ungeniambia tarehe nne," akasema pole pole, "ishirini na sita angekuwa amepona?"

Ningeweza kudanganya tena. Hakuna mtu Maskati nzima ambaye angejua. Nikasema, "Angekuwa amepona."

Alizirudisha karatasi sandukuni. Halafu akasema, "Mimi wagonjwa wanakuja kwangu wamechelewa kila siku. Wanaogopa, wanaficha. Siwakasirikii. Lakini humu ndani, Mbarak, daktari ulikuwa wewe."

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Alisema tu, "Lete maji."

Dilmurad alinisaidia kuchonga kile kijiti, kutoka ubao wa kasha lile lile lililoletea piano. Tulizigonga mbao zote moja moja mpaka tukapata iliyojibu vizuri, naye hakunikumbusha maneno yake hata mara moja, nikamwona ni mtu mkubwa kwa hilo. Na tarehe ishirini na sita, asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti nabadilisha maji ya mabeseni Daktari alipoingia, amevaa shati jeupe. Aliketi mbele ya piano ile isiyo na sauti, nyuzi zake zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Akapanga zile karatasi sita mbele yake. Akazisoma kwa macho, kimya, anageuza karatasi kwa wakati wake, na ncha ya kiatu chake inahesabu sakafuni. Nilibaki na beseni mikononi. Sikuthubutu kutoka wala kukohoa. Alipofika mwisho alizikusanya, akazirudisha ndani ya bahasha, akaenda kwa wagonjwa wake.

Piano ilipona katikati ya Agosti, na nawaambieni kwa fakhari, ilipona vizuri. Daktari akaendelea na mwezi wa nane, wa tisa. Nilikwenda kila Alkhamisi, kahawa ilikuja, alinisimulia, alikuwa mwungwana kabisa. Lakini nikimaliza kazi alikuwa anakifungua kifuniko mwenyewe na kutazama ndani kwa tochi. Sikuweza kumlaumu. Kuna upweke wa kukaa peke yako na kuna upweke wa kukaa na mtu ambaye alikuwa anakuamini, na huu wa pili ndio uliokuwa mzito kwangu.

Mwezi wa Septemba nilijikaza nikamwambia, "Daktari, sasa amepona. Mpigie Anna kile cha Julai. Nnakuomba."

Akatikisa kichwa. "Kilikuwa cha siku yake."

Disemba akamaliza. Cha mwisho kilikuwa kipande cha mchezo wa kuimba uliofunguliwa Vienna siku moja baada ya Krismasi ya mwaka ule, habari za mke aliyekubali kufa badala ya mumewe. Alikipiga mara moja, akafunga kifuniko. Mkataba wake ulikuwa umekwisha na meli ilikuwa Januari. Akaichukua orodha ya Anna, akavaa miwani, akaandika tarehe ya mwisho. Kisha akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaigeuza orodha kunielekea.

Nafasi zote zilikuwa na mwandiko wake mdogo, tarehe baada ya tarehe, miezi kumi na miwili. Moja tu ilikuwa tupu.

"Watakaoisoma watataka kujua sababu," akasema, na akanipa kalamu. "Andika wewe."

Kijerumani sikijui, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuuzia nyuzi. Nikaandika kwa lugha yangu, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa skuli: *Fundi Mbarak alijua, akanyamaza siku kumi na tisa.*

Daktari akaisoma. Akapuliza wino ukauke, akaifunga orodha ndani ya sanduku kwa safari, na kwenye maktaba ile ilikokwenda hakuna mtu hata mmoja ajuaye Kiswahili.